Shikamoo ya Mkunde katika Nchi ya Ukubwani

Nchi ya Ukubwani ipo, ila usiiulize kwa watu wa ramani, watakucheka. Mimi nimefika, nimekaa, nimekula chakula chao nikashiba, na nimerudi na akili zangu. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio, wala sikuongeza chumvi. Chumvi ilikuwamo tayari.

Niliitwa kwenda kushuhudia. Mdogo wangu Mkunde, mtoto wa baba yangu mdogo, aliolewa huko tangu msichana. Mumewe akafa, akamwachia shamba la michungwa na mtoto mmoja wa kiume, Mdoe. Siku moja akaniletea ujumbe: "Dada, njoo. Nataka kumpa Mdoe shamba ningali hai, na sheria ya huku inataka shahidi wa nje."

Nikajiuliza, shahidi wa nje wa nini? Kwani wa ndani wameisha? Nikaanza kushuku hapo hapo, kabla sijafunga hata furushi. Mtu anakuita kutoka mbali uje kutazama jambo la nyumbani kwake, na majirani anao tele. Hapo pana kitu.

Mpakani nilimkuta askari, kijana wa umri wa mjukuu wangu, kajifunga mkanda mpana. Nikangoja aniamkie. Naye akangoja. Tukatazamana mpaka ikawa aibu.

"Una shamba?" akaniuliza mwisho.

"Ninalo. Kwetu."

"La kwenu halihesabiki hapa. Mimi ninalo la migomba, alinipa babu. Kwa hiyo wewe ndiye wa kuniamkia."

"Nikuamkie wewe, baba?"

"Ndiyo sheria. Lakini naambiwa wewe ni shahidi." Akanifunga kitambaa cheupe mkononi. "Ukivaa hiki huna rika. Humwamkii mtu, na mtu hakuamkii. Ukikutana na watu sema 'salama' tu, upite."

Hivyo ndivyo nilivyoingia Ukubwani, mtu mzima mwenye vitukuu, sina rika.

Sasa sheria yao ni hii, na niliielewa polepole maana haiingii kichwani mara moja. Kwetu shikamoo anapewa aliyetangulia kuzaliwa. Kule anapewa mwenye ardhi. Mwenye shamba ni mkubwa, hata kama hajaota meno. Asiye na shamba ni mtoto, hata kama meno yameota, yametafuna na yamekwisha. Mtoto hasemi mkutanoni, hakai kwenye kiti penye wakubwa, na mkubwa yeyote akimkuta njiani anaweza kumtuma.

Na shamba lenyewe halihamishwi kwa karatasi. Karatasi, waliniambia, zinaandikwa na waongo na kuliwa na mchwa. Shamba linahama kwa salamu. Mama au baba anasimama mbele ya Afisa Rika, anamwambia mwanawe "shikamoo". Mwana anajibu "marahaba". Upatu, ile sahani yao ya shaba, unapigwa, kwisha. Tangu hapo mama ni mtoto na mwana ni mkubwa, na hairudi nyuma hata mlie machozi ya damu.

Mdoe alikuja kunipokea njiani. Nikaona mtu mzima, mabega mapana, ndevu zimeingia mvi. Akaninyang'anya furushi langu kwa furaha, "Mama mkubwa, umefika! Mama hakulala," tukawa tunakwenda tunazungumza vizuri. Mara kijana mmoja mwenye baiskeli mpya akasimama ng'ambo ya njia.

"We mtoto! We Mdoe! Njoo nikutume."

Mdoe akatua furushi. "Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba. Kaniletee kiberiti pale dukani. Na usicheze njiani."

Mdoe akaenda. Akaenda kwa kukimbia, jamani, mwanamume yule, na mimi nimesimama juani na furushi miguuni. Aliporudi hakunitazama usoni.

"Yule ni nani?" nikamuuliza.

"Mtoto wa jirani. Alipougua surua mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka zahanati." Akainua furushi. "Ameshapewa shamba. Twende, mama mkubwa, chakula kitapoa."

Hapo nikamwonea huruma. Nasema hivyo mapema, kwa sababu mbele nitasema mengine.

Mkunde alitoka mbio kunilaki. Mbio kweli, khanga imepepea nyuma. Nikastaajabu mbio zile anazipata wapi. Tulipoingia chumbani akafunga mlango, akakaa kitandani, akakunja uso na kulikamata goti kwa mikono miwili.

"Goti, mdogo wangu?"

"Sss! Sauti, dada. Watasikia."

Nikaja kujua kwamba Ukubwani wazee hawaugui. Hawathubutu. Mzee akionekana anachechemea, jioni ile ile wanawe wanakuja mmoja mmoja na maembe na maswali. Kwa hiyo wazee wanakohoa ndani ya mito, wanacheza ngoma za harusi mpaka wanaanguka, wakianguka wanasema wameteleza. Kwetu mtoto akikuuliza "umelalaje, mama", moyo unapoa. Asubuhi ya kwanza pale nikamsikia Mdoe mlangoni, kwa upole kabisa:

"Mama, umelalaje?"

"Kwa nini unauliza?" Mkunde akamjibu kutoka ndani.

Nikamwambia Mkunde, "Lakini huyu mtoto anakupenda."

"Ananipenda. Nani kasema hanipendi? Wote wananipenda. Hata Afisa Rika ananipenda."

"Sasa kama unamshuku, mbona unampa?"

Alikuwa anamenya chungwa, ganda linashuka refu bila kukatika. "Nimemwambia msimu ujao tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Kila msimu ananilimia, ananipalilia, anachuma, namwambia msimu ujao. Wazee wote hapa ndivyo tunavyofanya, dada, ndiyo ufundi wetu. Juzi, kabla hujafika, katumwa kiberiti mbele ya mwanawe. Mwanawe akacheka. Nikaingia ndani nikajifungia." Akalitupa ganda. "Nataka awe mtu mzima nikimwona. Lakini nikishalisema lile neno, mimi nitakuwa nani? Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Basi nikajua nilichoitiwa. Shamba lilikuwa jambo la pili. Mkunde alitaka kujua kama akimfanya mwanawe mkubwa, atabaki mama.

Mchana nikaenda kwa jirani, mzee Sechonge. Nasema mzee kwa mazoea yangu, kule wanamwita mtoto. Nilimkuta amekaa mkekani na watoto wadogo, wanakula ugali kwa dagaa, na yeye anagombania kichwa cha dagaa na msichana wa miaka kama mitano. Akaniona, akafuta mkono.

"Salama, mgeni. Wewe huna rika, kaa popote."

Nikamuuliza aliwezaje kutoa shamba lake. Akacheka.

"Mwanangu aliapa. Aliniambia, baba, hiyo shikamoo utanipa siku ile moja tu, mbele ya afisa, basi. Nikaamini. Lakini kuna wasikilizaji."

"Wasikilizaji ndio akina nani?"

"Watu wa Idara ya Rika, kwa afisa. Wanapita milangoni asubuhi kusikiliza nani kamwamkia nani. Usipomwamkia mkubwa wako ni kosa lako. Asipoitikia ni kosa lake. Kwa hiyo nikawa namwamkia kila siku. Mwanzo alikuwa anaitikia kwa kunong'ona, macho chini. Alikuwa anaona haya. Msimu ukapita, akawa anaitikia kwa sauti. Msimu mwingine akawa anatoka nje, anasimama kibarazani, anangoja. Sasa hivi nikichelewa anapiga kikohozi." Akaiga kile kikohozi, kifupi, cha mtu mwenye kazi nyingi. Watoto wakacheka wote mkekani. "Si mtu mbaya mwanangu. Kazoea tu."

"Na wewe?"

"Mimi? Mimi nikisikia kikohozi nakimbia. Nami nimezoea."

Nilirudi kwa Mkunde na hayo maneno nikayameza. Nilisema moyoni, kwanza nimwangalie Mdoe mwenyewe.

Kabla ya siku ya Idara ilibidi jambo letu litangazwe barazani. Mimi na kitambaa changu niliruhusiwa kukaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mkubwa Sikudhani. Alikuja amebebwa, ana umri wa kuanza kutambaa, bibi yake anampangusa mate. Babu yake aliwashuku wanawe wote, akatafuta katika ukoo mzima mtu ambaye hataweza kumdharau, akampata huyo. Wanamume wenye vipara wakapiga foleni, "Shikamoo, Mkubwa Sikudhani," na bibi akaitikia kwa niaba, "marahaba, marahaba," huku anamtoa kidole mdomoni.

Ajenda ilikuwa kubwa kuliko yetu. Mtu mmoja alitaka kumpa shamba mjukuu aliye bado tumboni. Hoja ikawa: mama mja mzito akipita njiani, aamkiwe au aamkie?

"Aamkiwe," akasema mmoja. "Mkubwa yumo ndani."

"Lakini yeye mwenyewe hana shamba! Utajuaje unamwamkia mkubwa au unamwamkia mtoto aliyembeba?"

"Basi aamkiwe tumboni. Unainama kidogo."

"Na nani ataitikia?"

"Akicheza, ameitikia."

Wakabishana kwa dhati, kwa hoja nzuri nzuri, kama watu wazima wenye akili. Mimi nilitazama uso mmoja mmoja nione nani atacheka. Hakucheka mtu. Katikati ya mjadala Mkubwa Sikudhani akalala. Na kwa sheria yao baraza hufungwa na mwenyekiti tu. Kwa hiyo tulikaa. Jambo la Mkunde lilishasomwa, hakuna aliyelipinga, lakini hakuna aliyeweza kuondoka. Watu walikaa wima, njaa zinawauma, wanaogopa hata kukohoa, mpaka mtoto alipoamka mwenyewe na kulia. Kilio kikaandikwa kuwa ndiyo amri ya kufunga.

Nikamwambia Mkunde tukirudi, "Kwa nini nawe usimpe mjukuu, kama wengine?"

"Na Mdoe amwamkie mwanawe?"

Siku iliyofuata, jua la alasiri, nilikwenda nyuma ya jiko kutupa maji machafu. Nikasikia sauti shambani. "Marahaba." Kimya. "Marahabaa." Ikabadilika ikawa nzito, "Marahaba!" kisha nyembamba ya heshima, "marahaba, mama". Nikachungulia. Mdoe amesimama katikati ya michungwa, mkasi wa kupogolea mkononi, anaitikia miti. Kila mti anaupa marahaba yake, anatikisa kichwa kidogo, anakwenda mwingine.

Nikakanyaga kijiti makusudi. Akaruka.

"Mama mkubwa! Ulikuwapo muda mrefu?"

"Wa kutosha. Leo wamekuamkia wangapi?"

Akacheka, lakini jasho likamtoka. "Naogopa nisije nikakosea. Ukikosea siku ile hurudii tena. Kuna mtu alishikwa na kwikwi, akabaki mtoto mpaka leo."

"Ni woga tu, Mdoe?"

"Kitu gani tena?"

Nikamtazama. Macho yalikuwa ya kweli. Ila mtu akizoea kitu kwa kujifundisha hivyo, peke yake, akabadilisha sauti na kuchagua ile inayompendeza... mimi nina wajukuu wengi, najua mtoto anapojaribu nguo ambayo bado haijanunuliwa.

Usiku ule Mdoe alimwapia mama yake, mbele yangu, baada ya chakula. "Mama, shikamoo ni ya siku ile tu. Wasikilizaji nitawafukuza mlangoni. Wewe ni mama yangu, utabaki mama yangu." Mkunde akamtazama mwanawe, akanitazama mimi. Nilitaka kumwambia mambo ya Sechonge na ya michungwa. Lakini uso wake ulikuwa umetulia, mara ya kwanza tangu nifike, nikasema haya, subira, Idara itafika na tutaona.

Ofisi ya Idara ya Rika ina milango miwili, mpana na mwembamba. Mpana ni wa wakubwa. Mama anaingia kwa mlango mpana, anatoka kwa mwembamba. Afisa Rika, Bwana Lukindo, alikuwa amekaa juu ya jukwaa, miwani shingoni. Naye nilishasikia habari zake. Hana shamba. Ameazima la shangazi yake kwa saa za kazi, maana Idara imejiruhusu yenyewe kurudi nyuma. Asubuhi shangazi anakuja kumwamkia mlangoni, anakuwa mkubwa, anaamua mashauri ya watu. Jioni anavua viatu, anamwamkia shangazi, anarudi mtoto, anatumwa maji. Shangazi mwenyewe alikuwa pale pembeni, kakaa na kibuyu cha mtindi, anangoja mkubwa wake wa saa za kazi amalize.

Watu walijaa. Yule kijana wa baiskeli alikuja pia, amekaa kiti cha mbele. Mpiga upatu, mtu mnene, anasinzia na kirungu mkononi.

Mkunde na Mdoe wakasimamishwa wakitazamana. Mkunde alivaa khanga mpya, na mimi niliyejua habari za goti niliona amesimamia mguu mmoja. Mdoe alivaa shati la kuazima, kola imemkaba.

"Mkubwa Mkunde," akasema Bwana Lukindo, "umekuja kwa hiari?"

"Kwa hiari."

"Umeshawishiwa, umetishwa, umeletewa maembe?"

"Maembe nililetewa. Nikayala. Nimekuja kwa hiari."

Watu wakacheka. Hata Bwana Lukindo akatabasamu. "Basi sema salamu yako, kwa sauti, shahidi wa nje asikie."

Mkunde akamtazama mwanawe. Nikaona kifua kinapanda, akavuta pumzi, pumzi ndefu, ya mtu anayetaka kuinua mzigo.

"Marahaba!" akasema Mdoe.

Kwa ile sauti nzito. Ile aliyoichagua.

Mpiga upatu akashtuka usingizini, akapiga. Upatu ukalia mpaka kwenye meno.

Mkunde bado alikuwa na pumzi yake kifuani. Hakuwa amesema kitu.

"Shahidi wa nje," akaniita Bwana Lukindo, "umesikia?"

Nikasimama. "Nimesikia marahaba. Shikamoo bado sijaisikia."

Minong'ono ikazuka. Bwana Lukindo akavaa miwani. "Haiwezekani, mama. Marahaba ni jibu. Jibu halitangulii kinachojibiwa. Marahaba imesikika, basi shikamoo ilisemwa."

"Haikusemwa."

"Labda ilisemwa taratibu," akadakia msikilizaji mmoja kutoka nyuma. "Kuna watu wana heshima sana, salamu yao haisikiki."

"Na masikio ya uzeeni," akasema kijana wa baiskeli, watu wakacheka tena.

Mkunde akainua mkono. "Jamani, mimi sija—"

"Nyamaza, mtoto," akasema Bwana Lukindo. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema kila siku. "Upatu umeshalia. Mtoto hasemi mbele ya wakubwa."

Mkunde akashusha mkono. Akatazama ule mkono wake kama wa mtu mwingine.

Nikasema, "Kama mama hasemi, mimi nasema. Ndicho nilichoitiwa. Huyu mwanamke alikuwa anavuta pumzi tu."

Bwana Lukindo akashauriana na wenzake wawili, wakaitana, wakanong'onezana masikioni, kisha akatangaza: "Shahidi wa nje na mwenye shamba wakitofautiana, linafuatwa neno la mwenye shamba. Kwa sababu yeye ni mkubwa, na shahidi hana rika."

"Sasa mliniita wa nini?"

"Utaratibu unataka shahidi awepo. Umekuwepo. Tunashukuru." Akamgeukia Mdoe, na sauti yake ikabadilika, ikawa laini. "Mkubwa Mdoe."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo maisha yake yote. Nilikuwa namtazama mgongoni. Nikauona mgongo ukinyooka. Si sana. Kidogo tu, kama mti uliofunguliwa kamba.

"Mkubwa Mdoe, sheria inanitaka nikukumbushe. Anayeitikia salamu ambayo hakupewa ni mwizi wa salamu, na atabaki mtoto mpaka kufa kwake, hata mama yake akija kufa shamba halimwendei. Sasa tuambie wewe mwenyewe, na neno lako ndilo litakalofuatwa. Mama yako alisema shikamoo, au hakusema?"

Mdoe akageuza shingo. Alimtazama kijana wa baiskeli pale kitini. Alinitazama mimi. Mama yake hakumtazama. Mimi nikawa nasema kimoyomoyo, sema, mwanangu, sema hakusema, sema ilinitoka, nilikuwa na woga. Midomo yake ilitikisika. Nadhani lile neno lilifika mpaka pale. Siwezi kuapa, lakini nadhani lilifika.

"Alisema," akasema.

"Taratibu," akaongeza. "Lakini alisema."

"Imetosha," akasema Bwana Lukindo, akavua miwani. "Mtoto Mkunde, mlango wako ni ule."

Nilitegemea Mkunde alie. Nilitegemea atukane, na wanawake wa kwetu matusi tunayo. Hakufanya lolote. Akatembea, si kuelekea mlango, akamwendea mwanawe. Na safari hii alichechemea wazi, goti lake hakulificha. Akafika mbele yake. Ile kola iliyomkaba akailegeza kwa vidole viwili, kama anavyovalishwa mtoto wa shule. Kisha akarudi nyuma hatua, akasimama wima.

"Shikamoo, Mdoe."

Kila mtu aliisikia. Shangazi wa Bwana Lukindo akakiweka kibuyu chini. Aliyekuwa nje kabisa, barabarani, aliisikia.

"Haya," akasema Mkunde. "Sasa umesema kweli. Sikutaka utoke hapa ukiwa mwongo."

Mdoe akafungua kinywa. Marahaba zote zile alizoipa michungwa, nzito na nyembamba, hakuipata hata moja. Akabaki hivyo, kinywa wazi, shati limelowa.

"Itikia, mkubwa," akasema msikilizaji. "Usipoitikia ni kosa."

"Haimlazimu," akasema mmoja wa wenzake Bwana Lukindo. "Marahaba moja inatosha kwa uhamisho mmoja."

"Lakini hii ni salamu ya pili!"

"Ni ya kwanza. Ile ya kwanza ndiyo haikuwepo."

"Unasema nini? Mkubwa mwenyewe kakiri ilikuwepo!"

"Basi hii ihesabiwe ya kesho asubuhi, kaitanguliza."

Wakaanza kubishana, na hoja zao zilikuwa nzuri nzuri, na mimi sikungoja mwisho wake. Mkunde alishatoka, miguu mitupu. Alipita mlango mwembamba, ubavu ubavu, maana si mwanamke mwembamba. Nikafungua kile kitambaa cheupe, nikakiweka mezani kwa Bwana Lukindo. Hakuniona.

Nje nikamkuta Mkunde anatembea katikati ya njia, polepole. Nikamshika mkono.

"Mdogo wangu, ile ulimpa kwa mapenzi au ulimchapa?"

"Sijui, dada," akasema. "Nilipoianza nilijua."

Mdoe akatokea nyuma yetu. Alitoka kwa mlango mpana lakini alikuja mbio, amebeba ndala za mama yake alizoziacha ukumbini. Alitufikia, akapunguza mwendo, akawa anafuata nyuma hatua chache, zile ndala kifuani. Watu waliokuwa wamekaa mabarazani wakasimama, wakatazamana. Hawakujua wamwamkie nani.

Msikilizaji mmoja akapiga kelele kutoka mlangoni mwa Idara, "Mkubwa Mdoe! Mkubwa hutangulia! Pita mbele!"

Mdoe aligeuka kumtazama. Kisha akatazama mgongo wa mama yake.

Nami hapo tulikuwa tumefika njia panda ya kwenda mpakani, na bila kitambaa sikuruhusiwa kuendelea nao. Nikasimama kando kuwatazama. Mdoe aliongeza mwendo. Akamkaribia, akafika ubavuni pake, na Mkunde hakugeuza kichwa wala hakusogea kumpisha. Wakaenda hivyo, sambamba, mpaka palipoanza michungwa, na njia ya pale ni nyembamba, haipiti watu wawili.